Umehamia Dodoma? Anza na maji

Mwalimu aliyepata uhamisho, mtumishi wa wizara aliyeifuata ofisi Mtumba, kijana aliyepata nafasi UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, mgeni kutoka nje ya nchi aliyeajiriwa na shirika: wote wakishuka Dodoma huuliza swali lilelile, mtaa mzuri wa kupanga ni upi? Jibu langu huwa ni kuulizia maji kwanza. Ukipata nyumba nzuri kwenye mtaa mzuri isiyo na maji, baada ya mwezi utakuwa unalitafuta boza la maji kwa simu usiku wakati wenzako wamelala.

Sababu yake inaeleweka. Mji huu unapata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Chanzo kikubwa cha maji ya bomba ni visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali ilitangaza kuhamia rasmi mwaka 2016, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na watu wameendelea kuja. Maji yanayogawanywa kwa watu hao wote ni ya mgao.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano ambao ningependa ndugu yangu aufuate akihamia hapa. Yapo mambo nitakayoyapita haraka kwa sababu yanafanana na ya mji wowote wa Tanzania. Kwenye maji nitakaa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi wa kuja, kama uchaguzi ni wako

Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti. Wabunge, maofisa wa wizara, waandishi wa habari na madereva wao hujaa mjini, na gesti za Area C, Area D na katikati ya mji hupandisha bei au kuisha kabisa. Mwanzoni mwa Agosti kuna maonyesho ya Nanenane kule Nzuguni, hali hujirudia kwa siku kadhaa. Kama unakuja kutafuta nyumba, jiepushe na vipindi hivyo viwili.

Mimi naupenda Oktoba. Ni mwezi wa joto na vumbi, hutavutiwa nao, lakini ndio mwezi unaosema ukweli. Ardhi imekauka, visima vifupi vimepungua, mgao umebana. Nyumba yenye maji Oktoba ina maji mwaka mzima. Ukikagua nyumba Februari, mvua imenyesha na mapipa ya jirani yamejaa, kila mwenye nyumba atakuambia hapa maji hayana shida, na kwa siku ile atakuwa anasema kweli.

Kwa safari yenyewe kutoka Dar es Salaam, treni ya SGR inafika Dodoma tangu Julai 2024, na ile ya haraka hutumia chini ya saa nne. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Kata tiketi mapema, hasa Ijumaa, Jumapili na siku za sikukuu, na uwe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Basi linachukua muda mara mbili ya huo, ila linabeba mizigo ya kila aina. Stendi kuu ya mabasi iko Nanenane, upande wa barabara ya Dar es Salaam, nje kidogo ya mji, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya bajaji. Vyombo vya nyumba nzima vitakuja kwa kenta au fuso, na usivipakie kabla hujapata nyumba.

Hatua ya 2: Fikia gesti, usipange nyumba kwa picha

Picha za simu huonyesha vigae, jipsamu na kabati za jikoni. Hazionyeshi kama bomba linatoa maji, wala vumbi la barabara iliyo mbele ya geti. Fikia gesti au loji kwa wiki moja au mbili, au kwa ndugu kama unaye, na utembee mitaa kwa miguu asubuhi na jioni.

Dalali utamhitaji, kwa sababu nyumba nyingi hapa hupatikana kwa mdomo. Desturi ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja nyumba ikipatikana, na wengine hudai hela kidogo ya kukuzungusha. Kubalianeni kabla hujapanda bajaji yake. Usimpe dalali kodi ya nyumba. Kodi inalipwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa benki au kwa simu, jina likionekana.

Hatua ya 3: Chora njia yako ya kazini kabla ya kupenda mtaa

Dodoma imekaa kama msalaba. Barabara ya Dar es Salaam inakwenda mashariki, ya Arusha kaskazini, ya Singida magharibi, ya Iringa kusini. Karibu kila uamuzi wa nyumba unategemea uko upande gani wa msalaba huo na ofisi yako iko upande gani.

Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya katikati ya mji. Anayefanya kazi huko hupata nafuu akikaa Ihumwa, Nzuguni, Ilazo, Kisasa au Njedengwa. Anayefundisha au kusoma UDOM aangalie Iyumbu, Makulu na Ntyuka. Mwenye shughuli katikati ya mji ana Area A, Area C, Area D, Makole, Kikuyu na Chang'ombe. Kaskazini kuna Miyuji, Msalato na Veyula, na huko uwanja mpya wa ndege wa kimataifa wa Msalato umepeleka ujenzi mwingi na kupandisha bei ya ardhi. Magharibi kuna Nkuhungu na Kizota, mitaa iliyochangamka, ambayo mtumishi wa Mtumba atapaswa kuvuka mji mzima kila asubuhi ili afike kazini.

Kwa maoni yangu, watu huidharau hatua hii. Kodi ya Nkuhungu itakupendeza ukiilinganisha na ya Kisasa, kisha utaongeza nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, siku ishirini na mbili za kazi kwa mwezi, na muda wa kuamka. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi kwanza. Na panda hiyo daladala mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, kabla ya kusaini chochote. Barabara ya mzunguko ya nje, kilomita 112.3, imepangwa kuunganisha Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu bila magari kupita katikati ya mji, nayo inabadilisha mahesabu ya wenye magari. Wa daladala bado anategemea njia kuu.

Hatua ya 4: Kagua maji kama fundi

Hapa ndipo penye kazi. Nenda kwenye nyumba mara mbili, siku tofauti, ikiwezekana mara moja asubuhi sana. Fungua bomba la nje lililo karibu na mita, lile la kabla ya tenki. Bomba la jikoni linaweza kuwa linatoa maji ya tenki yaliyojazwa na boza jana kwa ajili yako. Bomba la mita ndilo linalokuambia kama maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, yanafika pale.

Kisha waulize majirani wawili, mbali na masikio ya mwenye nyumba na dalali. Uliza hivi: maji yanatoka siku gani? Yanaanza saa ngapi? Yakitoka, presha inatosha kupanda kwenye tenki la juu? Oktoba mwaka jana ilikuwaje? Mama anayefua uani ana majibu ya uhakika kuliko mtu yeyote, na hana sababu ya kukuficha. Ratiba ya mgao inatangazwa, lakini mtaa ulio mwinukoni hupata maji saa chache kuliko ule wa bondeni hata kama ratiba inasema siku ni moja.

Baada ya hapo angalia tenki. Familia ya watu watano inayotumia maji kwa nidhamu, lita 50 kila mtu, inamaliza lita 250 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 litakupeleka siku nne. La lita 2,000 litakupeleka siku nane. Kama mtaa unapata maji mara mbili kwa wiki, lita 2,000 zinatosha na kubaki; kama ni mara moja, na mna mtoto mchanga au mnapokea wageni, tafuta nyumba yenye lita 5,000 au umwombe mwenye nyumba aongeze tenki na muandike kwenye mkataba. Kumbuka choo cha kuvuta. Kila mvuto unakula lita sita hadi tisa, na nyumba yenye vyoo vitatu vya namna hiyo inakunywa kuliko watu wake.

Tenki likiwa chini, kuna pampu? Na umeme ukikatika, maji yatapandaje? Nyumba yenye tenki juu ya mnara wa zege inakuokoa siku ya umeme kukatika, kwa sababu maji yanashuka yenyewe. Angalia pia boya ndani ya tenki. Likiwa limekufa, siku ya mgao maji yatamwagika usiku kucha, na bili utalipa wewe.

Sasa chumvi. Nyumba nyingi zina kisima kilichochimbwa, na mwenye nyumba atakisifia. Onja maji hayo. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi. Maji yake hayatoi povu la sabuni vizuri, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika na kwenye bomba la bafuni, yanaharibu hita na kukausha nywele. Kwa kudeki, choo na bustani yanafaa. Kwa kunywa na kupikia tafuta ya bomba au ya chupa. Watu wengi huamini kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi inabaki palepale, tena inakolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Na hata maji ya bomba, chemsha au tibu kabla ya kunywa, hasa yakiwa yamekaa kwenye tenki.

Nyumba bora nilizoziona hapa zina mifumo miwili: tenki la maji ya bomba linalokwenda jikoni, na la kisima linalokwenda chooni. Ukiikuta nyumba ya namna hiyo, usijadiliane sana juu ya vigae.

Mwisho wa ukaguzi, omba kuona bili ya mwisho. Deni la mpangaji aliyetoka hubaki kwenye mita, na mita ikikatwa, atakayekosa maji ni wewe. Hifadhi pia namba za boza wawili, sio mmoja. Siku ambayo mtaa mzima umekauka, boza mmoja hapokei simu.

Hatua ya 5: Umeme na mkataba

Umeme ni wa LUKU, unanunua uniti kwa simu. Uliza kama nyumba yako ina mita yake peke yake. Mita moja kwa nyumba tatu za uani ni chanzo cha ugomvi, kwa sababu mwenye friji na mwenye taa mbili watadaiwa sawa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kama mwenye nyumba atakurudishia, maana kodi hiyo ni yake.

Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Watu waliopata nyumba kwa miezi mitatu wapo, hasa wanaoomba Julai baada ya Bunge kuahirishwa, wakati nyumba zimeachwa wazi. Jaribu. Kwa wageni wa kigeni na mashirika: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kutoza malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Ukiambiwa kodi ni dola kadhaa kwa mwezi, omba iandikwe kwa shilingi.

Kwenye mkataba ziandikwe: kodi na kipindi chake, nani anatengeneza pampu na tenki vikiharibika, usomaji wa mita siku ya kuingia, na muda wa notisi. Piga picha kila chumba siku ya kukabidhiwa funguo.

Hatua ya 6: Jitambulishe

Ndani ya wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ujulikane kwa mwenyekiti na mjumbe. Ukienda kufungua akaunti benki, kuomba kitambulisho cha NIDA au kutoa taarifa polisi, barua ya mwenyekiti ndiyo utakayoulizwa. Ni rahisi kuipata kwa mtu ambaye alishafika akasalimia kabla ya shida.

Raia wa kigeni ana kazi zaidi. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, na kujitolea bila malipo nako kunahesabiwa ni kazi. Mwajiri ndiye anayeanza na kibali cha kazi, kisha kinafuata kibali cha ukaazi cha Uhamiaji: daraja A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti, wanaojitolea na wengine wa aina hiyo. Maombi yanafanyika mtandaoni. Makao makuu ya Uhamiaji yako hapahapa Dodoma, faida ambayo mgeni wa Mwanza au Mbeya hana. Tembea na nakala ya pasipoti na kibali. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti, nayo ndiyo mlango wa malipo yako yote, kwa sababu genge, bajaji na fundi wanapokea hela kwa simu kuliko kwa kadi ya benki. Na usipige picha majengo ya serikali, ya jeshi wala ya polisi. Mji huu umejaa majengo hayo, kwa hiyo angalia kamera yako inaelekea wapi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, iache kwenu.

Anayekuja na watoto na anataka mtaala wa Kiingereza aulizie mapema nafasi Canon Andrea Mwaka School. Shule nyingine za mchepuo wa Kiingereza zipo mitaa mingi.

Hatua ya 7: Mwili wako na hali ya hewa

Mji uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Dar huacha masweta nyumbani akidhani Tanzania yote ni joto, kisha Juni na Julai anatetemeka asubuhi kituoni. Lete sweta na blanketi zito. Upepo huanza miezi hiyo na kuendelea hadi karibu na mvua, ukibeba vumbi jekundu. Midomo na visigino hupasuka. Mafuta ya mgando ni ya wanaume pia. Mwenye pumu ahakikishe ana dawa yake ya kuvuta muda wote, na akwepe nyumba iliyo ukingoni mwa barabara ya vumbi, hata kwa nusu ya kodi. Deki kwa kitambaa kilicholowana badala ya kufagia ndani. Macho yakiwasha, nawa kwa maji safi, usiyafikiche.

Malaria ni kidogo hapa ukilinganisha na Pwani au Kanda ya Ziwa. Chandarua bado unakihitaji, na ukirudi kutoka safari ya mikoa hiyo na homa, pima siku hiyohiyo. Kung'uta viatu asubuhi, hasa kama nyumba iko pembeni ya pori au mawe, maana nge wapo.

Kwa matibabu kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa katikati ya mji, ambayo wenyeji wanaiita Jenero, na Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa UDOM, inayotoa huduma za kibingwa hadi kupandikiza figo. Kuna pia hospitali za madhehebu, kama Mtakatifu Gemma kule Miyuji na DCMC Ntyuka. Ijue iliyo karibu na kwako, uulize kama inapokea bima yako, na ufanye hivyo ukiwa mzima. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto.

Kuna hatari moja ambayo mgeni haitegemei kwenye mji mkavu: mafuriko. Mvua ya hapa hushuka kwa nguvu kwa saa chache juu ya ardhi ngumu, na makorongo yaliyokuwa njia ya ng'ombe tangu Mei yanageuka mito. Ukiona nyumba ya bei nafuu yenye mchanga mweupe uliotandazwa nyuma ya fensi, hapo maji hupita. Tafuta alama ya tope ukutani.

Hatua ya 8: Sokoni na jikoni

Sasa mambo mazuri. Kwa mahitaji ya kila siku kuna soko la Majengo, Sabasaba, na soko kubwa la Job Ndugai jirani na stendi ya Nanenane. Bidhaa za matumizi mengine, nguo na vifaa vya simu, utavipata kwa wamachinga kwenye jengo lao la barabara ya Bahi. Jumamosi nenda mnada wa Msalato. Watu wanakwenda kwa ajili ya mifugo, lakini mgeni aende kwa ajili ya mbuzi wa kuchoma, na kwa ajili ya kukaa na watu.

Jifunze kula mlenda. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu wageni wengi huukimbia kwa utelezi wake na kujinyima mboga inayopatikana hata wakati wa kiangazi. Wagogo, wenyeji wa hapa, huukausha, huusaga unga, na kijiko kimoja au viwili kwenye maji ya moto pamoja na karanga zilizosagwa vinatosha sufuria ya familia. Unaliwa na ugali wa uwele au wa mtama, ugali mweusi kidogo wenye ladha ya nafaka yenyewe, unaokaa tumboni hadi jioni. Ukizoea, sembe itakuwa chakula cha dharura. Mchele tafuta wa Bahi, samaki ni wa bwawa la Mtera, mafuta ni ya alizeti ya hapa na Singida, na asali ya Singida inunue kwa mtu anayekubali uionje.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo hata wakulima wa nchi za zabibu hushangaa. Msimu ukifika utaziona kwenye ndoo na visusu barabarani. Ziangalie vikonyo: vikiwa vya kijani zimekatwa leo, vikiwa vya kahawia na vikavu zimeshinda juani. Zioshe vizuri kwa sababu shamba la zabibu hupuliziwa dawa.

Jambo moja la jikoni nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupe, usizikaange ukadhani zitapona. Nunua mahindi ambayo hayajasagwa uyaone, uyachambue, kisha uyapeleke mashineni mwenyewe. Kwa unga wa lishe wa mtoto mchanganyiko wenye karanga, usinunue uliosagwa tayari kwa mtu usiyemjua. Hifadhi nafaka juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu.

Watu wa hapa

Salamu huja kabla ya shida. Mzee ni shikamoo, na ukiingia dukani ukaanza na bei, utajibiwa bei tu. Ukipita vijijini au sokoni ukawasalimia kina mama "mbukwenyi", utaona nyuso zikifunguka.

Utasikia utani kuhusu Wagogo, wa kuwafanya watu duni na ombaomba. Nakuomba usiuchukue. Barabara ya kwenda Mtumba, nyumba unayopanga Iyumbu, kiwanja unachokitamani Nala, vilikuwa mashamba yao ya mtama na malisho ya ng'ombe wao juzi tu. Wengi walilipwa kidogo na kusogezwa pembeni mwa mji ambao haukuwauliza. Ni watu wa ukarimu, wenye muziki wa zeze na marimba ambao mwanamuziki Hukwe Zawose aliufikisha majukwaa ya dunia, na wanajua kuishi na ukame kwa namna ambayo wahandisi wetu bado wanajifunza. Ukiwa na shida ya maji, jirani Mgogo ndiye wa kwanza kukupa dumu.

Hatua ya mwisho: Kiwanja

Mtanzania akikaa Dodoma miezi michache, ataanza kuoneshwa viwanja. Raia wa kigeni hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia taratibu za serikali, kwa hiyo atakayemwambia nunua kwa jina la rafiki anamtafutia hasara.

Kwa mwenye haki ya kununua, subiri msimu mmoja wa mvua upite ukiwa hapa. Utajua maji yanapita wapi, barabara ipi haipitiki Februari, na bomba la DUWASA limefika wapi. Ardhi ya mji huu ilisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi yake kupelekwa halmashauri ya manispaa, ambayo sasa ni ya jiji, na barua za zamani bado ziko mikononi mwa watu. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenye karatasi wawili, na mzee wa tatu anayesema ni shamba lake la urithi na hakulipwa. Mtafute huyo wa tatu kwanza. Kaa naye, msikilize. Kisha nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi wa kiwanja hicho, kwa namba na kitalu, ulinganishe jina la kwenye kumbukumbu na kitambulisho cha anayeuza. Mchukue mpima ahakikishe mawe ya mipaka. Malipo yafanyike benki, mbele ya wakili, na mwenyekiti wa mtaa akiwa na taarifa. Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine anakuja saa nane, mwache huyo mteja achukue.

Ukishapata, chimba shimo la tenki la chini kabla ya msingi wa nyumba, uweke na mifereji ya bati ya kukinga mvua. Paa la mita za mraba 100, kwa milimita 570 za mvua, linapokea lita 57,000 kwa mwaka. Hata ukipoteza sehemu ya tano yake kwa kumwagika na kukauka, bado unabaki na lita zaidi ya 45,000 zisizo na chumvi.